Treni mbili, duara moja: kuiachia programu uongozi wa reli ya vitofali

Ajali ya kwanza kwenye reli yangu ilitokea sebuleni, Tudor hapa Mombasa, baada ya swala ya Alasiri. Treni mbili za vitofali vya LEGO zilikuwa zinazunguka duara moja, kila moja imepewa nguvu ile ile, zimeanza pande zinazotazamana. Kwa hesabu yangu zingekimbizana mpaka Magharibi bila kugusana. Kumbe moja ilikuwa na betri mpya na nyingine betri zimechoka. Baada ya mizunguko kama kumi, yenye nguvu ikaifikia goigoi na kuikumba kwa nyuma, behewa la mwisho likarushwa hadi chini ya kabati. Mpwa wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Mjomba, hawa madereva wako wamelala!"

Kusema kweli walikuwa vipofu. Kila treni ilifuata programu yake sawasawa, lakini hakuna iliyojua mwenzake yuko wapi. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba kuifanya treni iende yenyewe ni kazi ya nusu saa. Kazi kubwa ni kuifanya isiende mpaka iruhusiwe.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana treni ya LEGO inayotembea kwa rimoti au kwa simu, na sasa anataka treni mbili zipokezane zamu kwenye duara moja bila mkono wa mtu. Huhitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta. Ukiweza kunakili mistari thelathini bila kuharibu nafasi zilizo mwanzoni mwa mistari, unatosha.

Jua kwanza una treni ya aina gani

LEGO wamebadilisha umeme wa treni zao mara kadhaa. Zile za volti 9, zilizouzwa kuanzia 1991 hadi 2007, zilipata umeme kutoka kwenye reli zenye utepe wa chuma juu. Ukiziona zinauzwa, furahi, lakini kumbuka unaishi pwani. Hewa ya chumvi haina huruma na utepe ule, na kila wiki utakuwa unausugua kwa pamba na spiriti. Baadaye zikaja za Power Functions, zilizoongozwa kwa mwanga wa rimoti kama televisheni. Tangu 2018 treni zao hutumia mfumo wa Powered Up. Reli ni plastiki tupu, na umeme wote umo ndani ya kisanduku chenye betri, kitufe cha kijani na Bluetooth. Mwongozo huu ni wa hizo za mwisho.

Kisanduku cha treni, nambari 88009, kina matundu mawili tu. Moja linakwenda kwenye mota ya treni, 88011. La pili, kwa kazi yetu, ni la kihisi cha rangi na umbali, 88007. Maana yake taa za mbele zinakosa pa kuchomekwa. Mpwa wangu alinuna siku mbili kwa sababu hiyo, na sikuwa na la kumjibu.

Kwa treni mbili utahitaji seti mbili kama hizo. Ongeza kisanduku kikubwa cha Technic, 88012, chenye matundu manne, mota mbili za kugeuza njiapanda, yaani pale reli inapogawanyika (ziwe zile zinazohesabu mizunguko yake zenyewe, kwa sababu mota ya treni haihesabu), na kihisi cha tatu. Kihisi hicho hicho kilikuja pia ndani ya seti ya Boost ya 2017, kwa hiyo ukikuta Boost ya mkono wa pili usiipite.

Kupata vitu hivi Mombasa kunataka subira. Vitofali vyenyewe huonekana kwenye mafungu ya vitu vya watoto pale Kongowea, vimechanganyika na vichwa vya wanasesere na vifuniko vya chupa. Vya umeme ni nadra. Mimi nilipata mota moja kwenye fungu, vingine vyote vililetwa na jamaa waliokuwa wanarudi kutoka Dubai. Ukiagiza kwa njia hiyo, mwandikie mtu nambari ya kifaa, usimweleze kwa maneno. Nilieleza kwa maneno mara moja nikaletewa taa.

Betri: kisanduku cha treni kinameza sita za AAA, zile za rimoti. Mpya za kawaida hutoa volti 1.5 kila moja, jumla 9. Za kuchaji ni volti 1.2, jumla 7.2, kwa hiyo treni itakuwa nzito kidogo lakini haitakufilisi. Chagua aina moja kwa treni zote mbili. Hata hivyo usitegemee zilingane. Kadiri betri inavyochoka, nguvu ile ile ya 50 kwenye programu inazaa mwendo mdogo zaidi. Ndiyo sababu programu inayosema "nenda sekunde kumi kisha simama" itasimama stesheni leo, na keshokutwa itasimama porini.

Tandaza reli

Mimi hutumia ubao mmoja wa plaiwudi, futi 8 kwa 4. Reli moja iliyonyooka ina urefu wa milimita 128. Reli za kona 16 hufanya duara kamili lenye upana wa kama sentimita 70. Ukilikata duara hilo katikati na kulivuta, ubao unabeba reli 13 zilizonyooka kila upande.

Upande mmoja weka njiapanda mbili, ya kuingilia na ya kutokea, ili reli igawanyike iwe mbili sambamba kisha ikutane tena. Hiyo ndiyo stesheni yetu. Njia ya pili inaongeza kama sentimita 13 kwenye upana, na ubao bado unatosha. Kila njiapanda inachukua nafasi ya reli mbili zilizonyooka, na bado kuna kona ya kuirudisha njia ya pili iwe sambamba na ya kwanza. Kwangu ilibaki karibu sentimita 90 za treni kusimama. Kichwa na mabehewa mawili ni sentimita 70 na kitu, yanaenea. La tatu likae kabatini. Kona za LEGO ni kali, na treni ndefu huvutana hadi behewa la katikati linaanguka kwa ndani.

Tumeiita stesheni hiyo Miritini, kwa heshima ya ile halisi inayopokea treni za SGR tangu 31 Mei 2017. Kwenye reli halisi pengo kati ya chuma na chuma ni milimita 1,435, na kwenye ile ya zamani iliyoanza kujengwa kutoka Kilindini mwaka 1896 ni milimita 1,000. Hii yetu ni 37.5. Tatizo lakini ni lile lile la Mombasa hadi Nairobi: njia moja, treni zaidi ya moja, na lazima moja ingoje penye nafasi ya kupishana.

Weka Pybricks

Kuna programu za kompyuta zinazoongoza reli nzima kutoka mezani, kompyuta ikiwa imewashwa muda wote. Sizipingi, ila nimezoea stima kupotea. Napendelea Pybricks, inayoweka programu ndani ya kisanduku chenyewe. Ukishaituma unafunga laptopu, unabonyeza kitufe cha kijani, treni inaondoka.

Fungua code.pybricks.com kwa Chrome au Edge. Firefox na Safari hazitakusaidia, kwa kuwa haziruhusu ukurasa kuzungumza na Bluetooth. Kuandika kwa Python, lugha ya kompyuta tutakayotumia, ni bure. Ile ya kupanga vipande vya rangi kama wanavyofundishwa watoto inalipiwa. Ukishaingia, iweke Pybricks kwenye laptopu kama programu ya kawaida, nayo itafunguka hata siku bando limekwisha.

Kisha badilisha programu ya ndani ya kila kisanduku. Tia betri nzuri kwanza, usije ukazimikiwa katikati. Fuata maelekezo ya skrini neno kwa neno, hasa pale yanapokuambia ushikilie kitufe. Mimi nilikiachia mapema mara mbili nikadhani kisanduku kimekufa. Baada ya hapo programu ya LEGO ya kwenye simu haitakiendesha tena kama kawaida. Ukitaka kurudi ulikotoka, kiunganishe na programu hiyo ya LEGO, nayo itakirudishia ya kiwandani. Hakuna kilichoharibika.

Jicho chini ya treni

Funga kihisi chini ya kichwa cha treni au behewa la kwanza, kikitazama chini katikati ya reli. Kiwe sentimita moja hivi juu ya mataruma. Kikiwa karibu mno kitajikwaa kwenye njiapanda, kikiwa juu mno rangi zinafifia.

Pale unapotaka treni isimame, bandika vigae vyekundu, vile vitofali bapa visivyo na vinundu juu, katikati ya reli. Viwe vingapi? Piga hesabu. Kigae chenye urefu wa vinundu viwili ni milimita 16. Treni inayokwenda sentimita 40 kwa sekunde inakipita kwa sehemu 4 za mia za sekunde, na jicho likipepesa limekosa. Mimi huweka vitatu mfululizo.

Sasa usiamini kwamba nyekundu yako ndiyo nyekundu ya kompyuta. Ipime palepale reli ilipo:

```
from pybricks.pupdevices import ColorDistanceSensor
from pybricks.parameters import Port
from pybricks.tools import wait

jicho = ColorDistanceSensor(Port.B)
while True:
    print(jicho.hsv())
    wait(200)
```

Sogeza treni kwa mkono juu ya kigae, andika nambari tatu unazoziona kwenye skrini. Isogeze juu ya mataruma, andika tena. Ya kwanza ni aina ya rangi kwenye duara la nyuzi 360, ya pili ni ukolevu, ya tatu ni mwangaza. Kwangu kigae kilitoa kama 350, 90, 55 na mataruma 200, 15, 20. Zako zitakuwa tofauti, tumia zako.

Pima asubuhi na upime tena jioni. Dirisha letu linatazama magharibi, na kuanzia saa kumi jua lilikuwa linalala moja kwa moja juu ya stesheni, treni ikapita kigae kana kwamba hakipo. Nilihangaika na msimbo saa nzima kabla dada yangu hajaja kuning'iniza leso dirishani. Ikapona.

Programu ya kwanza: isimame, ingoje, iondoke

Anza na treni moja. Usiruke hatua hii hata kama una haraka, kwa sababu hapa ndipo utakapogundua mota iliyochomekwa tundu lisilo lake na behewa linalosuguana.

```
from pybricks.pupdevices import DCMotor, ColorDistanceSensor
from pybricks.parameters import Port, Color
from pybricks.tools import wait

mota = DCMotor(Port.A)
jicho = ColorDistanceSensor(Port.B)

NYEKUNDU = Color(350, 90, 55)
TARUMA = Color(200, 15, 20)
jicho.detectable_colors((NYEKUNDU, TARUMA, Color.NONE))

def ondoka():
    for nguvu in range(20, 51, 5):
        mota.dc(nguvu)
        wait(150)

ondoka()
while True:
    if jicho.color() == NYEKUNDU:
        mota.brake()
        wait(8000)
        ondoka()
        wait(1500)
    wait(10)
```

Sehemu ya `ondoka` inaongeza nguvu kidogo kidogo kutoka 20 hadi 50. Treni inayoanza kwa 50 papo hapo huweza kuachanisha mabehewa, na haipendezi machoni. Muda unahesabiwa kwa sehemu za elfu za sekunde, kwa hiyo 8000 ni sekunde nane za abiria kushuka. Ule mstari wa 1500 unaipa treni nafasi ya kutoka juu ya wekundu kabla haijaangalia tena. Bila huo itasimama hapo hapo ilipo. Najua nimesema usitegemee saa. Hapa saa ikikosea treni inasimama mara mbili, basi. Haigongi mtu. Na hata huu mstari tutautupa baada ya muda mfupi.

Treni ikirudi nyuma badala ya kwenda mbele, weka alama ya kutoa mbele ya `nguvu` ndani ya `mota.dc`.

Mnara

Huko Uingereza katika karne ya 19, kwenye njia za reli moja, dereva alikabidhiwa kijiti. Kijiti kilikuwa kimoja kwa kipande kizima cha njia. Asiye nacho mkononi haondoki, hata kama haoni treni nyingine mpaka upeo wa macho. Sisi tutafanya vivyo hivyo, ila kijiti chetu ni nambari inayorushwa hewani.

Kisanduku cha Technic hakipandi treni. Kinakaa kando ya stesheni, na sisi tunakiita mnara. Tundu A ni mota ya njiapanda ya kuingilia, B ya kutokea, C ni kihisi kinachotazama reli kwa ubavu, kabla kidogo ya njiapanda ya kuingilia. Kila treni inayorudi lazima ipite mbele ya kihisi hiki.

Mnara unatangaza 1 maana yake treni ya kwanza ina ruhusa, 2 ni ya pili, na 0 hakuna mwenye ruhusa.

```
from pybricks.hubs import TechnicHub
from pybricks.pupdevices import Motor, ColorDistanceSensor
from pybricks.parameters import Port
from pybricks.tools import wait, StopWatch

mnara = TechnicHub(broadcast_channel=7)
kuingia = Motor(Port.A)
kutoka = Motor(Port.B)
jicho = ColorDistanceSensor(Port.C)

def geuza(zamu):
    kasi = 400 if zamu == 1 else -400
    kuingia.run_until_stalled(kasi, duty_limit=50)
    kutoka.run_until_stalled(kasi, duty_limit=50)

def subiri_mkia():
    saa = StopWatch()
    while saa.time() < 2000:
        if jicho.distance() < 40:
            saa.reset()
        wait(20)

zamu = 1
while True:
    geuza(zamu)
    mnara.ble.broadcast(zamu)
    while jicho.distance() >= 40:
        wait(20)
    mnara.ble.broadcast(0)
    subiri_mkia()
    wait(5000)
    zamu = 3 - zamu
```

Mota inaambiwa izunguke hadi igome, ndiyo maana ya `run_until_stalled`. Huhitaji kupima nyuzi ngapi. Ulimi wa njiapanda ukifika ukutani mota inahisi uzito na kuacha. Ile 50 ni kikomo cha nguvu. Ikiwa mota inang'oa njiapanda kutoka ubaoni, ishushe hadi 35. Ikiwa mota moja imefungwa kinyume na mwenzake, ongeza `Direction.COUNTERCLOCKWISE` baada ya tundu lake, na neno `Direction` kwenye mstari wa tatu, baada ya `Port`.

`subiri_mkia` ni sehemu iliyonigharimu behewa. Mwanzoni mnara uliona treni, kisha ukaona pengo, ukasema imepita, ukageuza njiapanda. Lile pengo lilikuwa kati ya behewa na behewa. La mwisho likaingia njia ya pili huku mwenzake yuko njia ya kwanza, treni ikatanuka kama mtu anayepanda mashua mguu mmoja ukiwa bado gatini. Sasa mnara hauamini pengo mpaka lidumu sekunde mbili kamili. Kitu chochote kikipita mbele ya jicho, saa inaanza upya.

Hilo halitoshi, nalo halirekebishwi na msimbo. Pima treni yako kwa rula kutoka kwenye jicho lake hadi mkia, kisha weka kigae chekundu mbali kiasi kwamba mkia unavuka kabisa njiapanda ya kuingilia kabla jicho halijafika kwenye wekundu. Pima njia zote mbili. Ile ya kando ni fupi kidogo.

Mstari wa mwisho, `3 - zamu`, unageuza 1 kuwa 2 na 2 kuwa 1.

Kimya ni nyekundu

Treni zote mbili zinapata programu moja, tofauti ni `NAMBA` tu.

```
from pybricks.hubs import CityHub
from pybricks.pupdevices import DCMotor, ColorDistanceSensor
from pybricks.parameters import Port, Color
from pybricks.tools import wait

NAMBA = 1
sanduku = CityHub(observe_channels=[7])
mota = DCMotor(Port.A)
jicho = ColorDistanceSensor(Port.B)

NYEKUNDU = Color(350, 90, 55)
TARUMA = Color(200, 15, 20)
jicho.detectable_colors((NYEKUNDU, TARUMA, Color.NONE))

safarini = False
while True:
    ishara = sanduku.ble.observe(7)
    if ishara is None:
        mota.brake()
    elif safarini:
        mota.dc(45)
        if jicho.color() == NYEKUNDU and ishara != NAMBA:
            mota.brake()
            safarini = False
    elif ishara == NAMBA:
        safarini = True
    wait(10)
```

Soma mstari wa `ishara is None` polepole. Kisanduku kisiposikia mnara kwa kama sekunde moja, jibu linakuwa `None`, yaani kimya. Na kwetu kimya ni nyekundu. Treni inasimama popote ilipo, kwenye kona au katikati ya njia, mpaka isikie tena. 0 ni jambo jingine kabisa. Inamaanisha mnara uko hai, zamu yako imekwisha, malizia safari yako usimame kwenye kigae. Mara ya kwanza mimi nilizichanganya hizi mbili, nikaandika kwamba 0 nayo ni simama hapo hapo. Treni ikawa inaganda mbele ya mnara, mkia nje, njia imezibwa, mnara unasubiri mkia upite. Wote wanangojana. Tulikwenda kunywa chai tukarudi tukawakuta vile vile.

Angalia pia kwamba treni haisimami kwenye wekundu ikiwa nambari inayotangazwa ni yake. Inapoondoka jicho bado liko juu ya kigae, lakini ruhusa ni yake, kwa hiyo inapita. Ule mstari wa 1500 wa mwanzo haupo tena. Na tuseme jicho la mnara limeshindwa kuiona treni ikirudi: ruhusa haibadiliki, njiapanda haigeuki, treni inapita stesheni na kuzunguka tena. Nyingine imetulia kwenye njia yake. Hasara yote ni abiria waliopitilizwa.

Kuanza: weka treni 1 kwenye kigae cha njia ambayo `geuza(1)` inafungua, treni 2 kwenye kile kingine. Tuma programu kwa kila kisanduku, kisha kata mawasiliano na kompyuta. Bonyeza kitufe cha treni zote mbili kwanza. Hazitaondoka, maana mnara bado kimya. Halafu bonyeza cha mnara.

Kabla hujawaita majirani, fanya jaribio moja. Treni ikiwa katikati ya safari, zima mnara. Treni isiposimama ndani ya sekunde moja au mbili, kuna mstari umeuruka. Fanya jaribio hili kila unapogusa msimbo, hata ukibadilisha nambari moja tu.

Yanayosumbua huku kwetu

Unyevu wa pwani unaingia kwenye visanduku. Usipozitumia treni kwa wiki mbili, toa betri. Nilisahau msimu mmoja wa kusi nikakuta ncha za chuma zimeota kutu ya kijani. Zilisafishika kwa spiriti na kijiti cha pamba, lakini springi moja haikurudi kama zamani.

Feni ya dari haina neno, ya kusimama ina neno. Iliwahi kupeperusha pazia mbele ya jicho la mnara, na mnara ukaamini kwamba treni imefika. Tangu hapo nyuma ya reli, mkabala na jicho, nimeacha nafasi tupu ya sentimita thelathini.

Mchanga kutoka kwenye viatu huingia kwenye ulimi wa njiapanda. Mota inagoma kabla ya wakati na kudhani imemaliza. Brashi ya mswaki wa zamani, mara moja kwa juma. Na ikiwa treni moja inaanza kuchelewa kuliko mwenzake, chapisha `sanduku.battery.voltage()` huku umeunganisha laptopu. Jibu linakuja kwa sehemu za elfu za volti. Kwangu mimi ikishuka chini ya 6500 hupeleka betri kwenye chaja bila mjadala.

Sasa mpwa wangu anataka ya tatu. Msimbo wa zamu ni rahisi, unaandika `zamu = zamu % 3 + 1` badala ya ule mstari wa mwisho. Lakini njia ya tatu stesheni inadai njiapanda mbili zaidi na mota mbili zaidi, na mnara una tundu moja tu lililobaki, D. Itabidi mnara wa pili usimame upande wa kutokea, usikilize ule wa kwanza kwenye chaneli 7, na utangaze kwenye chaneli 8 kwamba umekwisha kugeuza kabla ruhusa haijatolewa. Jamaa yuko Dubai mpaka mwezi ujao. Nimemwandikia nambari: 88012.